Bei Isiyotamkwa Uani kwa Prof

Uani kwa Prof kulikuwa na sheria moja. Mgeni aliruhusiwa kuingia na viatu vya matope, kufika saa ya chakula bila kualikwa, hata kulaumu chumvi ya mchuzi. Lakini akitamka bei ya dola ya barabarani, alitolewa nje. Hakutolewa kwa ugomvi. Prof aliinua kidole, akaonyesha lango, na mgeni alitakiwa atoke, afunge lango, apige hodi upya na kusalimia upya, kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Nimeshuhudia wazee wa msikiti wakitolewa, na mzee wa kanisa akitolewa na Biblia yake kwapani. Mimi nilitolewa kuliko wote, maana biashara yangu ni ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na vitenge, na mwenye biashara hiyo huamka akiulizia dola kabla hajanawa uso.

Kwa asiyeijua pwani yetu ya ziwa, hapa Rumonge nchini Burundi, dola ina bei mbili. Ya kwanza ni ya benki. Ni bei nzuri sana, ya chini, inapendeza kuisikia redioni, na kasoro yake ni moja tu: kwa bei hiyo dola hupewi. Ya pili iko bandarini, kwa wale wanaume wenye mikoba begani tunaowaita wavunja dola. Kwao dola zipo wakati wote, ila utazilipia karibu mara mbili. Rumonge nzima inanunua kwa bei hiyo ya pili, kuanzia sukari mpaka misumari, wakiwemo wale wanaotuambia haipo. Prof peke yake alihamia kwenye bei ya kwanza, akaishi humo miaka yote kwa heshima kubwa na hasara kubwa zaidi.

Tulimwita Prof kwa sababu alikuwa mwalimu wetu wa uchumi sekondari, na kwa sababu jina lake halisi alilitumia benki tu. Alivaa tai. Sizungumzii siku ya mtihani wala ya mgeni rasmi; nazungumzia kila siku, kwenye joto letu la ziwani ambalo hata mbuzi hutafuta kivuli kabla ya saa nne. Alikuwa nayo moja, ya rangi ya machungwa iliyofifia, na aliifunga mpaka juu kooni, halafu akatufundisha uhuru wa soko.

Somo lake alilolipenda ni lile la faranga kuanguka. Alikuja na bidoni mbili, yaani madumu, za mawese, akaziweka mezani, akamchagua mwanafunzi mmoja awe mkulima wa michikichi wa Kizuka na mwingine awe mnunuzi kutoka Kongo. Mimi niliyekaa dawati la nyuma na kupiga kelele ndiye niliyekuwa Kongo daima. Faranga ikiwa juu, dola yangu moja ilinunua bidoni moja. Prof akisema, "Sasa faranga imeanguka," dola ile ile ilinunua mbili. Kwa hiyo mimi nafurahi, narudi kesho na dola nyingine, mkulima anafurahi, nchi nzima inafurahi. Mara moja nilikataa kununua, nikasema mawese yake yana maji. Darasa likacheka mpaka likasikika kwa mkuu wa shule.

"Katika nadharia, mnunuzi hakatai," akasema Prof, na akanipa sifuri.

Alikuwa na maneno mawili ya kudumu. La kwanza, "Nadharia iko sawa." La pili, "Tupitie mlango wa mbele." La kwanza alilisema mambo yalipoharibika, la pili kabla hayajaharibika, na kwa hiyo mtu aliyemsikia vizuri aliweza kujua tumefika wapi.

Alipostaafu, wenzake walinunua pikipiki za kukodisha, au walikaa mbele ya duka na kueleza nchi ingeendeshwaje kama wangeulizwa. Prof aliamua kuipima nadharia kwa mwili wake mwenyewe. Alianzisha karakana ya sabuni nyuma ya nyumba yake. Hesabu yake ilikuwa nzuri: mawese tunayo, mke wake ana shamba la michikichi Kizuka, ng'ambo ya ziwa watu wanafua nguo kama sisi, na wana dola. Badala ya kuwauzia mafuta mabichi, tuwauzie sabuni, kazi ibaki huku na dola zije huku. Hata leo sijapata kosa katika hesabu hiyo. Kitu kimoja tu hakitoki Rumonge: soda, ile ya unga mkali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni. Soda inatoka mbali, na inauzwa kwa dola.

Aliajiri wanawake wa kukoroga, wengi wao wajane na wake za wavuvi, ambao ziwa likifungwa ili samaki wazaane hubaki na nyavu kavu na watoto wenye njaa. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mmoja mrefu wa kijiji cha Minago, aliyeukamata mwiko wa mbao wenye urefu wa kasia na kuuzungusha kwenye pipa huku akisimulia habari za mtaa mzima. Soda waliiyeyusha kwenye maji tangu jana yake ipoe, mafuta yakachemshwa, vikachanganywa, halafu kazi ikawa ni kukoroga mpaka uji ushike mwiko. Ukimwagwa kwenye kalibu na kulala, kesho yake unakatwa kwa waya na kugongwa muhuri.

Kabla ya muhuri, Prof alionja. Sifanyi utani. Aligusa kila kundi la sabuni kwa ncha ya ulimi, na likimchoma alisema soda haijaungana na mafuta, lirudi pipani. Wanawake walimcheka wakidhani yeye hawaoni. Mtu mzima, mwenye tai, anasimama uani analamba sabuni kwa uso wa padri kwenye misa. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa tayari kuonja sabuni mbichi kila siku ya Mungu, lakini bei ya wavunja dola hakutaka hata ipite masikioni mwake.

Lazima niseme kweli, sabuni ilikuwa nzuri. Watengenezaji wengine walichanganya udongo mweupe ili mche uwe mzito, na ukioga nao unatoka na vumbi zaidi ya uliloingia nalo. Ya Prof ilitoa povu hata kwa maji ya ziwa. Muhuri wake ulikuwa neno moja kubwa, RUMONGE, na kule Baraka, ng'ambo upande wa Kongo, wamama walifika dukani wakasema tu, "Nipatie ya Rumonge," na muuza duka hakuuliza ya Rumonge nini. Nilijivunia, ingawa sikuwa nimekoroga hata pipa moja.

Sasa tazama dola ya sabuni ilivyosafiri. Mnunuzi wa Baraka alivuka ziwa na dola mkononi. Mtu wa kawaida angezipokea, angekwenda bandarini kwa wenye mikoba, na jioni angekuwa na faranga za kutosha kununua soda na kuku wawili juu yake. Prof alizipokea, akafunga tai upya, akazipeleka benki kwa mlango wa mbele kama sheria inavyotaka. Benki ikamshukuru na kumpa faranga kwa bei yake ile nzuri ya redioni. Kisha alipotaka soda, alirudi kwenye dirisha lile lile na kuomba dola kwa bei ile ile. Hapo benki ilimpa karatasi ya kujaza. Soda ilipomwishia alikwenda kuinunua kwa mfanyabiashara mjini, aliyempa bei iliyofuata mikoba ya bandarini. Yaani dola aliiuza benki kwa bei ya kuku mmoja na kuilipia kwenye soda kwa bei ya kuku wawili, kila mwezi, na yeye aliita jambo hilo kipindi cha mpito.

Nilimwuliza kwa nini asifanye kama sisi.

"Kila mutu akipitia nyuma, nani ataleta dola benki?" akajibu. "Na kama hakuna anayeleta, benki itatoa nini?"

"Na wewe ukileta peke yako?"

"Mimi ndio ninaanza," akasema. Alikuwa ameanza kwa miaka kadhaa wakati huo.

Lakini usimfanye mtakatifu. Pikipiki yake ilikunywa petroli kama pikipiki zote, na miezi ambayo vituo vya mafuta vilikuwa vikavu, petroli ilitoka ng'ambo kwenye bidoni za manjano zilizoshushwa ufukweni bila kusalimiana na forodha. Prof aliinunua, akaiita akiba. Sukari ya chai yake ilivuka ziwa kwa njia hiyo hiyo, na alitia vijiko vitatu. Na mke wake, Mama Prof, alikuwa na ndugu Uvira, huko Kongo, waliomtumia dola, na katika miaka yote hiyo hakuna dola ya Mama Prof iliyojua mlango wa benki una rangi gani. Mvunja dola alipopita njiani, Mama Prof alikumbuka ghafla kwamba hajamwona jirani yake siku nyingi, akajifunga kitenge akatoka. Prof aliinamia redio yake mpaka mke arudi. Ada za shule za wajukuu zililipwa hivyo, na bati la nyumba pia, na mwenye nyumba hakuwahi kuuliza bati limetoka wapi.

"Mwana," Mama Prof aliniambia siku moja tukichambua ndagala, "ule muzee iko na kichwa nguvu. Unadhani hajui? Anajua yote. Anaacha tu, juu ya amani ya nyumba."

Na sasa nimefika kwa mbuzi.

Siku serikali ilipoishusha thamani ya faranga, nchi nzima ilishika kichwa. Redio ilisema imeshushwa sana, kwa mara moja, ili bei ya benki iikaribie ile isiyotajwa. Akina mama sokoni walifunga mifuko ya mchele wakisubiri waone. Wenye mshahara walikaa kimya barabarani kama waliotoka kuzika. Prof alinunua mbuzi. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kufanyia karamu anguko la pesa yake mwenyewe, lakini wa kwetu tunaye. Aliwaalika majirani, wanawake wa kukoroga, wanafunzi wake wa zamani, na watu kutoka Gatete ambao hakuna aliyewajua. Nyama ilipoiva alisimama na tai yake akatoa hotuba.

"Ndugu zangu, nilifundisha jambo hili maisha yangu yote, sikujua kama nitaliona," akasema, na macho yake yalikuwa na machozi kweli. "Faranga imekuwa rahisi. Sabuni yetu imekuwa rahisi kwa Mukongomani. Atanunua mara mbili. Nchi imepata akili."

Tulipiga makofi. Mbuzi alikuwa mtamu sana, na mtu hapingi nadharia akiwa na mbavu mkononi.

Hazikupita siku nyingi, wenye mikoba bandarini wakapandisha bei yao na kuiacha ya benki nyuma kama awali. Mwenye soda akapandisha soda. Mnunuzi wa Baraka alikuja kweli, na dola zake zilinunua kweli mara mbili, kama nilivyokuwa nikiigiza darasani. Ila hakununua sabuni. Alinunua mawese mabichi, kwa sababu yalikuwa karibu ya bure, akayabeba kwa mapipa, na wenye mashamba wa Kizuka wakamkimbilia. Shamba la Mama Prof pekee halikutosha kulisha karakana. Prof akawa anagombea mafuta ya nyumbani kwake na mgeni mwenye dola, yeye akiwa na faranga ambazo alishangilia zilipoanguka.

"Nadharia iko sawa," akasema. "Ni nchi ndiyo haijaisoma vizuri."

Nilicheka mbele yake, na nilipofika nyumbani nikajisikia vibaya. Wanawake wa kukoroga walikuwa wameanza kuja siku moja na kukaa nyumbani mbili. Yule wa Minago alikuwa na mtoto wa kumsomesha, na mwiko ulikuwa umeegemezwa ukutani umekauka.

Prof akapanda gari kwenda Bujumbura kuomba dola za soda kwa mlango wa mbele. Nilikuwa na mzigo wangu wa ndagala kwenye gari hilo hilo, nikaingia naye benki, nusu kumsindikiza na nusu kupata kivuli. Afisa aliyetupokea alikuwa mwanafunzi wake, kijana aliyepata alama za juu somo lile la bidoni mbili. Alisimama, akampa mkono kwa mikono miwili.

"Prof, amahoro. Dosye yenu iko sawa kabisa. Inabaki sinyatire moja tu."

"Ya nani?"

"Ya mwenye kusaini, Prof."

"Yuko wapi?"

"Iko anakuja," akasema kijana, akamletea soda ya chupa, na hiyo ndiyo soda pekee aliyotoka nayo benki. Alirudi huko tena na tena. Kila mara dosye, lile faili lake la maombi, ilikuwa sawa kabisa. Nilianza kuihusudu dosye ile. Hakuna kitu Burundi kilichokuwa na afya njema kama hiyo.

Wakati huo huo mnunuzi mmoja wa Baraka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mashua, alikuja uani na pendekezo. Duka lake lilikuwa linaulizwa ya Rumonge kila siku, na hana.

"Prof, miye nitakuletea soda, weye utanipatia sabuni," akasema. "Dola haitaonekana hata moja. Hapo mubaya iko wapi?"

"Hiyo biashara haina karatasi."

"Karatasi haifue nguo, Prof."

Wanawake wote waliokuwa uani waligeuka kumtazama Prof. Mama Prof alitoka jikoni na mikono yenye unga. Nilikuwepo, na namwombea mtu yeyote asitazamwe namna ile. Prof alisema bidhaa itakayotoka kwake itatoka na hati, na itakayoingia itaingia na hati, na kama dola hazikupita benki basi ameiba kwa wote walio nje ya uani huu ili kuwapa walio ndani. Yule wa Minago aliinua mwiko, akaupeleka stoo, akaulaza chini. Mimi nilisema mengi, na mengine siwezi kuyaandika hapa.

Karakana ikafungwa. Halafu Prof akafanya jambo ambalo Rumonge haijamaliza kulicheka. Alihamia Baraka. Aliona kwamba ng'ambo dola ina bei moja, mtu ananunua nyanya kwa dola na kurudishiwa faranga za Kongo bila kujificha, na soda iko dukani. Basi kama sheria ya kwetu inaua sabuni, atakwenda mahali ambapo kutii sheria na kutengeneza sabuni ni kitu kimoja. Watu wetu wanavuka ziwa kila siku bila hata kitambulisho. Yeye alikwenda forodhani na kalibu zake, waya wake, mwiko na muhuri, akajaza hati ya kusafirisha vifaa vilivyotumika. Afisa hakuwa na hati hiyo. Walikaa asubuhi nzima kuitafuta, na Prof akamsaidia kuijaza, akasahihisha na tahajia.

Mama Prof alibaki kwa ajili ya shamba. Tangu hapo mawese ya Kizuka yalivuka mabichi mpaka Baraka, yakakorogwa huko, yakarudi kwetu yakiwa sabuni yenye neno RUMONGE. Na sisi tuliinunua kwa bei ya barabarani, pamoja na nauli ya mashua na faida yangu mimi niliyeivusha. Nchi iliyokuwa ikiuza sabuni ili ipate dola sasa ilitafuta dola ili inunue sabuni yake. Nililetewa malalamiko kwamba mche umekuwa ghali. Nilijibu kwamba umetoka nje.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni hii. Mama Prof aliniita, akafunga mlango kwanza.

"Benki imeita," akasema. "Ile sinyatire imepatikana. Dola ya soda, kwa bei ya benki, yote aliyoomba."

Nilikaa chini. Dola za bei ya benki, kwa mtu wa kawaida, ni bahati inayomfikia mara moja kabla ya kufa. Wajanja wanaozipata huleta mifuko michache ya soda na karatasi za mifuko mingi, na dola zilizobaki huzigeuza faranga bandarini. Mtu anapata mara mbili bila kuchemsha hata maji. Mama Prof alijua hivyo. Hakuwa na tamaa. Alikuwa amechoka, na alikuwa amelala peke yake muda mrefu.

"Kwa simu atakata," akasema. "Nikitaja dola tu, anakata. Wewe umuambie uso kwa uso. Alete soda kidogo, ingine tugeuze, tupumzike. Umuambie arudi, mwana. Hicho ndicho kikubwa. Umuambie arudi."

Nikavuka. Karakana ya Baraka ilikuwa chumba cha matofali nyuma ya soko, na nilisikia sauti ya yule wa Minago kabla sijauona mlango. Alikuwa amemfuata, kazi haikuwa na mahali pengine. Prof alikuwa amepungua, shingo haikujaza tena kola, lakini tai ilikuwepo. Alinipokea kwa furaha, akanipa kiti, akaniuliza habari za shamba. Nikamweleza yote kwa mpangilio: benki, saini, dola, ushauri wa mke wake. Nilisema taratibu, bila kutaja bei yoyote, maana nilikuwa nimetolewa nje vya kutosha katika maisha yangu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, bila kunitazama, akauliza, "Na kule barabarani, iko ngapi?"

Mwiko ukasimama pipani. Yule wa Minago alinitazama, nami nikamtazama. Nikamtajia Prof bei.

Prof aliirudia bei ile mdomoni polepole, jinsi alivyokuwa akionja sabuni. Niliona anapiga hesabu. Nyumba ilikuwa humo, na mapumziko, na dawa za mgongo wa Mama Prof. Hakuna mtu ambaye angemlaumu, mimi mwisho kabisa. Kisha akasimama, akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake. Tukasubiri.

"Hodi," akasema nje.

Yule wa Minago ndiye aliyesema karibu.

Akaingia, akanipa mkono. "Amahoro, mwana. Habari za Rumonge?"

"Nzuri, Prof. Benki imetoa dola za soda."

"Murakoze, asante kwa habari. Basi tutaleta soda."

"Yote?"

"Mpaka mufuko wa mwisho."

"Na ikiisha?"

"Tutaandika dosye ingine."

Nikamwambia ni mpumbavu. Nilimwambia hivyo waziwazi, mwalimu wangu, mtu wa umri wa baba yangu, kwa hasira na kwa kitu kingine ambacho si hasira. Nilimwambia soda ile itatosha msimu mmoja, na baada yake atakuwa kwenye mashua akirudi huku huku. Hakukataa. Alisema inawezekana. Alianza kufungasha kalibu.

"Hapa dola iko," yule wa Minago akasema, akifuta mwiko kwa kitambaa. "Lakini mutoto wangu iko Minago. Prof akirudi, miye narudi."

Tulivuka pamoja. Kwa kawaida sabuni zangu hushuka kwenye mchanga kabla ya bandari, kwa watu ninaowajua, na hatusumbui ofisi. Siku hiyo Prof alikaa juu ya maboksi yangu ya sabuni safari nzima, na mashua ilipofika ilinibidi nimfuate forodhani. Foleni ilikuwa ya watu watatu: yeye na kalibu, yule wa Minago na mwiko, na mimi na mzigo ambao kwa mara ya kwanza ulikuwa na hati. Abiria wengine wote walikuwa wameshafika nyumbani. Nililipa ushuru, Prof akisimama kando yangu mpaka karatasi ikagongwa muhuri, na faida yangu ya safari ile ikabaki mezani kwa afisa.

Mama Prof alikuwa anasubiri nje ya lango la bandari. Aliziangalia kalibu, akauangalia mwiko, akamwangalia mumewe usoni, na nikaona kwamba ameelewa hakuna kitakachogeuzwa. Nilijiandaa kujitetea. Lakini yeye aliinua mkono, akamnyooshea mumewe tai, akachukua waya wa kukatia kutoka mkononi mwake.

"Twende," akasema. "Mapipa nilishayaosha tangu juzi."